Kona ya Mitambo: Mlinzi Aliyejishtua Mwenyewe

Toleo lililopita tuliahidi kuendelea na somo la nywila. Somo hilo litasubiri kidogo, kwa sababu kuna jambo limetokea klabuni, walimu wetu wawili walikuwepo wakaliona kwa macho yao, na tangu siku hiyo maswali hayaishi. Wengine mmesikia kwamba intaneti ya klabu ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Walioiharibu ni sisi watatu tunaoandika ukurasa huu, na tumeona heri tuseme wenyewe kabla hatujasemwa.

Mtakumbuka Jioni ya Hadithi ya mwezi Januari. Mgeni wetu alikuwa Bibi wa mmoja wetu, anayeishi Tanga. Huku Uingereza ilikuwa saa moja usiku; kule kwake saa nne, wakati ambao kwa kawaida keshalala. Alikuwa amenunua bando kwa ajili yetu, ameazima simu yenye kioo kikubwa kwa kijana wa jirani, na amejitanda khanga mpya. Chumba kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Tukamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba, akacheka kidogo kwa lafudhi zetu, kisha akajiweka sawa kitini na kusema: "Paukwa!"

Picha ikaganda.

Sisi tuliitikia "Pakawa!" kwa sauti ya kutikisa madirisha, lakini yeye hakuisikia. Baada ya muda akarudi, akauliza kama tupo, akasema tena "Paukwa!", na kabla hatujafungua midomo akapotea tena. Ilikwenda hivyo karibu nusu saa, mpaka bando lake likaisha. Kesho yake alimpigia mjukuu wake akamwambia neno ambalo hatujalisahau: "Nimesema paukwa mara tano, mjukuu wangu. Hamkuitika hata mara moja."

Sasa tueleze kilichotokea, na tutajitahidi kukieleza ili hata asiyewahi kugusa mitambo aelewe.

Chumba chetu kiko kwenye jengo la zamani nje ya kampasi, kwa hiyo intaneti tunailipia wenyewe kwa michango. Faiba inaingia kwenye ruta ya Cisco ya mtumba tuliyoinunua ili kujifunzia. Ruta ndicho kile kidude kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani. Wapo wanaokiita kipanga njia. Sisi tutasema ruta kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Ndani ya ruta za aina hii kuna kitu kiitwacho Embedded Event Manager, kwa kifupi EEM. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku. Unapomwajiri, unamwambia mambo mawili: ashtuke akiona nini, na akishashtuka afanye nini. La kwanza huitwa tukio. Tukio laweza kuwa maneno fulani yakitokea kwenye daftari la ruta, ambamo ruta hujiandikia mambo yanayoipata. Laweza pia kuwa saa, kwa mfano kila siku saa nane usiku, au hesabu fulani ikipita kiwango ulichokiweka. La pili ni vitendo: kuandika onyo, kutuma barua pepe, au kutoa amri kana kwamba kuna mtu ameketi mbele ya mashine anaandika. Maagizo haya ndiyo skripti. Iliyo fupi huandikwa moja kwa moja katika mipangilio ya ruta. Iliyo ndefu huandikwa kwenye faili kwa lugha ya Tcl, kisha faili hiyo husajiliwa.

Faiba yetu ina tabia ya kukatika mara mojamoja. Tuligundua kwamba ukiufunga mlango wa ruta unaoipokea na kuufungua tena, mara nyingi njia hurudi. Tukachoka kufanya hivyo kwa mkono. Mchana wa siku ileile ya hadithi tukaajiri mlinzi:

event manager applet MLINZI
 event syslog pattern "Line protocol on Interface GigabitEthernet0/1, changed state to"
 action 010 wait 12
 action 020 cli command "enable"
 action 030 cli command "configure terminal"
 action 040 cli command "interface GigabitEthernet0/1"
 action 050 cli command "shutdown"
 action 060 wait 2
 action 070 cli command "no shutdown"

Kwa Kiswahili, tulimwambia hivi: ukiona kwenye daftari kwamba hali ya mlango wa faiba imebadilika, subiri sekunde 12, ufunge, subiri sekunde 2, ufungue.

Mambo mawili madogo kabla ya kosa lenyewe. Namba za vitendo tumeziandika 010, 020 na kuendelea kwa sababu ruta huzipanga kama maneno ya kamusi, si kama hesabu; ukiandika 2 na 10, ile 10 itatangulia. Na muda wa kusubiri tuliubana kwa sababu skripti fupi hupewa sekunde 20 tu kumaliza kazi yake, usipotaja muda mwingine. Ukimwambia mlinzi asubiri sekunde 30 baada ya kufunga mlango, atakatizwa njiani na mlango utabaki umefungwa. Hayo tuliyasoma tukayazingatia, na tukajiona mafundi.

Kosa liko kwenye mstari wa pili. Mlango ukikatika, ruta huandika sentensi inayoishia na neno "down". Ukirudi, huandika sentensi ileile, ila mwisho wake ni "up". Sisi tuliikata sentensi kabla ya neno la mwisho. Tulidhani tumemwambia mlinzi ashtuke mlango ukianguka. Kumbe tumemwambia ashtuke ukianguka na ashtuke ukisimama.

Skripti hatukuijaribu. Tulihifadhi mipangilio, tukaenda kupanga viti. Bibi alipokuwa anasema paukwa ya kwanza, mguu wa kiti ukaikanyaga kebo. Njia ikakatika kwa nukta moja na kurudi yenyewe. Ingeishia hapo. Lakini mlinzi keshashtuka: akasubiri, akaufunga mlango uliokuwa mzima, akaufungua. Kufunga kukaandikwa daftarini, kufungua kukaandikwa daftarini, naye akayaona yote mawili kama matukio mapya. Kila zamu moja ikazaa zamu mbili. Foleni ikawa inarefuka huku sisi tumesimama tunalilaumu shirika linalotuuzia intaneti.

Cha ajabu ni kwamba watengenezaji wa EEM waliifikiria hatari inayofanana na hii. Mlinzi akiandika mwenyewe ujumbe daftarini kwa kitendo kilichowekwa kwa kazi hiyo, ujumbe huo haukaguliwi kutafuta matukio, ili asijiamshe kwa sauti yake. Lakini akitoa amri, na amri hiyo ikaifanya ruta iandike jambo, hapo hakuna kinga. Hashtuliwi na mdomo wake. Anashtuliwa na mikono yake.

Tulifanya nini? Kwanza tuliishika kebo tukaihakikisha. Haikusaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa limeshaondoka kwenye kebo. Pili tukafanya dawa ya kila ugonjwa, tukazima ruta na kuiwasha. Foleni ilifutika, lakini maagizo tulikuwa tumeyahifadhi mchana, kwa hiyo ruta iliamka nayo. Mlango ulipofunguka tu, neno "up" likaandikwa, na mchezo ukaanza upya. Tatu, mmoja wetu aliunganisha kebo ya konsoli akajaribu kusahihisha huku ujumbe ukimiminika kwenye kioo na kumkatiza kila akiandika herufi tatu. Alipata jasho siku ya baridi ya Januari. Mwishowe akaufuta mlinzi wote, mstari hadi mstari. Ukimya ukarudi, intaneti ikatulia, na Bibi hakuwa na bando tena.

Kesho yake tulikaa na kitabu cha maelekezo, na hapo ndipo tulipokutana na amri ambayo tulipaswa kujifunza kabla ya zote:

event manager scheduler suspend

Huandikwa ukiwa ndani ya mipangilio ya ruta. Mara moja utekelezaji wa skripti zote za EEM husitishwa, na ruta huandika daftarini kwamba umesitishwa. Hakuna kinachofutwa. Maagizo yako yanabaki palepale; mlinzi ameambiwa tu akae kitako.

Hapa tunaomba radhi kwa walimu wetu wa lugha, tutaingia kidogo shambani kwao. Usiku ule sisi watatu tulikuwa tunapigiana kelele kwa Kiingereza, na neno tulilokuwa nalo lilikuwa moja tu, la kusimamisha. Mmoja alilisema akimaanisha futa. Mwingine alimaanisha zima. Wa tatu alitaka mlinzi apumzishwe wakati tunatengeneza mlango. Tulipokuja kuandika makala hii kwa Kiswahili tukaona kwamba maneno tulikuwa nayo tangu nyumbani. Kufuta ni kuondoa kabisa. Kuzima ni kukata uhai wa mashine nzima. Kusitisha ni kitu cha tatu: sote tumelisikia neno hilo kwenye taarifa za habari ambazo wazazi wetu husikiliza jikoni, pale zinapotajwa habari za kusitisha mapigano. Anayesitisha mapigano hajatupa silaha zake, na pande zote zinajua kwamba kuna siku ya kuamua, ama kuendelea au kumaliza. Usiku ule tungeambiana "sitisha kwanza", tungejua tunatafuta nini.

Haya, utaratibu wetu wa sasa ni huu. Wanaojifunza mitambo wanaweza kuunakili.

Kwanza, sitisha, kwa amri iliyo hapo juu.

Pili, angalia foleni. Amri ya "show event manager policy pending" huonyesha kazi zinazosubiri zamu. Kama ziko nyingi kama zilivyokuwa zetu, zifute kwa "event manager scheduler clear all" kabla ya kumrudisha mlinzi kazini. Amri hii inafuta kazi zilizo kwenye foleni na zinazoendelea. Skripti zenyewe haizigusi.

Tatu, chukua nakala. Andika "show running-config | section event manager", nakili kinachotokea, kiweke mahali nje ya ruta. Sisi tulifuta bila nakala, ikabidi tuandike tena kwa kukumbuka.

Nne, sahihisha. Ukiwa unahariri skripti fupi, ile ya zamani inaendelea kushika kazi mpaka utoke kwenye uhariri, kwa hiyo bila kusitisha kwanza unatengeneza panga huku mtu amelishika.

Tano, rudisha kazini. Amri ni ileile, ikitanguliwa na neno la kukanusha:

no event manager scheduler suspend

Sita, jaribu mchana, ukiwa na muda na hakuna mgeni anayesubiri. Chomoa kebo kwa mkono wako, irudishe, soma daftari. Ukiridhika ndipo uhifadhi mipangilio. Tungehifadhi baada ya kujaribu, kuzima na kuwasha kungetuokoa.

Mjue pia kwamba kusitisha huku ni kwa walinzi wote kwa pamoja. Kama una wanne na unataka mmoja tu apumzike, badilisha tukio lake liwe "event none". Hapo hatashtuka na chochote. Ataamka pale tu utakapomwita mwenyewe kwa "event manager run" na jina lake.

Makala ingeishia hapa, na tungeonekana tumejifunza. Lakini kuna sehemu ya pili, na hii ndiyo iliyotuumiza zaidi.

Siku kadhaa baada ya hadithi iliyoshindikana, tulimpigia Bibi sisi watatu kumwomba radhi. Tulikuwa tumejiandaa. Tulimweleza kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza hata moja isipokuwa ruta, kwamba tulimwajiri mlinzi, tukampa agizo lenye kasoro, akawa anafunga mlango na kuufungua, na kila akiufungua anashtuka tena. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa anaogopa mlango alioufunga mwenyewe." Tukasema ndiyo, Bibi, hivyo hasa. Ilituchukua jioni nzima kulielewa jambo hilo. Yeye lilimchukua dakika tatu.

Tukamwambia tulivyotengeneza: tumemketisha chini mlinzi, tumemsahihishia agizo, sasa mambo ni shwari.

Akauliza, "Na mmemwamsha?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejibu, maana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefanya. Tulikuwa tumesitisha, tumesafisha foleni, tumehariri, tumefurahi, kisha tukaenda kula. Siku nane nzima mlinzi alikuwa amekaa kitako kama tulivyomwagiza.

Siku nane hizo hazikupita bure. Agizo lake jipya halimwambii tena afunge wala afungue mlango. Linamwambia akiona faiba imekatika, na sasa neno la mwisho lipo, achukue hali ya mlango wakati uleule na kuiweka kwenye faili ndani ya ruta. Faili hiyo ni muhimu kwetu, kwa sababu daftari la kawaida linalokaa kwenye kumbukumbu ya ruta hupotea ikizimwa, ila faili inabaki. Tumemwekea pia kikomo, "ratelimit 300", ili asishtuke tena kabla dakika 5 hazijapita. Ndani ya siku nane hizo faiba ilikatika usiku mmoja. Mwanachama aliyekuwepo alizima na kuwasha ruta kwa nia njema, na daftari likafutika. Tulipopiga simu kulalamika, tuliulizwa swali moja: ilikatika saa ngapi? Hatukuwa na faili, hatukuwa na daftari, hatukuwa na jibu. Malalamiko yetu yakaishia hapo, na malipo ya mwezi tukayatoa kamili, kwa michango yenu.

Mlinzi mwenye wazimu tulimgundua ndani ya nusu saa kwa sababu alipiga kelele. Aliyelala hakutusumbua hata kidogo, na ndiyo maana alituponyoka siku nane. Kama si swali la Bibi, huenda angekuwa amelala mpaka leo.

Kwa hiyo sasa juu ya ruta kuna karatasi. Anayesitisha huandika jina lake, saa aliyositisha, na saa atakayorudisha, na karatasi haibanduliwi mpaka mtu wa pili asome daftari na kuona kwamba utekelezaji umerudi. Mwalimu mmoja alituuliza kwa nini watu wanaosomea kompyuta wanategemea karatasi na gundi. Mwalimu, ni kwa sababu karatasi haisitishiki.

Bibi amekubali kurudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa ileile. Safari hii bando tumemnunulia sisi, na kijana wa jirani ameahidi simu. Viti vitapangwa mbali na kebo, na mchana wa siku hiyo hakuna atakayegusa mipangilio ya ruta hata kama ana wazo zuri kiasi gani. Njooni mapema. Kazi yenu ni moja tu: akisema paukwa, aitikiwe.

Somo la nywila, toleo lijalo, inshallah. Anayetaka kuona ruta na kujaribu kusitisha na kurudisha kwa mkono wake mwenyewe, tupo klabuni Jumatano jioni.